Wote Waling'atwa Tarehe Tisa

Mkija hapa nyumbani Nyamisangura mnafungua laptopu zenu kabla hata chai haijafika. "Shikamoo Mzee Boni, grafu yangu imegoma." Marahaba. Grafu iliyogoma nawasaidia palepale, maana ni jambo dogo. Inakuandikia maneno mekundu, inakutukana, unajua kuna kazi ya kufanya. Ninayoiogopa mimi ni ile isiyogoma. Inatoka safi, rangi zimekaa vizuri, maandishi ya pembeni yapo, kila mtu anaisifu, na ni ya uongo.

Nimechora grafu tangu enzi za karatasi ya miraba na penseli. Nilitoka Kasulu nikapangiwa Tarime kama afisa takwimu, nikiwa na rula yangu ndani ya begi. Baadaye ikaja kompyuta, na nywele zilipoanza kuwa nyeupe wakaniambia sasa tunachora kwa kuandika programu, kwa Python. Nilidhani wananitania. Aliyenifundisha ni Mama Kapinga, mtu wa Songea, mwanamke mrefu aliyekuwa na tabia ya kusimama nyuma ya kiti chako bila kusema kitu mpaka ujishtukie mwenyewe.

Somo la kwanza alilonipa lilikuwa karatasi nyeupe. Nilichora grafu, nikaiona kwenye skrini, nikafurahi, nikaihifadhi, nikaituma kwa wakubwa. Wakapiga simu: "Boni, hii ni picha ya nini? Ya mawingu?" Faili lilikuwa jeupe tupu. Mama Kapinga akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kumbe ukiiambia programu ionyeshe kwanza, ikishaonyesha inafuta ubao, na wewe unahifadhi ubao uliofutwa. Hifadhi kwanza, onyesha baadaye. Mpaka leo nusu ya maswali mnayoniletea ni hilohilo.

Somo jingine lilikuwa utando wa buibui. Unachora mstari wa miezi, unakuta mistari inakwenda na kurudi, inakatana, hujui kichwa wala miguu. Data haina ugonjwa. Haikupangwa tu kwa tarehe, na programu inaunganisha nukta kwa mfuatano inaozikuta nao kwenye faili. Panga kwanza. Kuna pia grafu inayopanda ngazi moja kwa moja kama mtu anayekwenda ghorofani. Hiyo ukiiona usishangilie. Mara nyingi mtu mmoja ameandika kistari mahali pa namba, programu ikaamua safu nzima ni maneno, ikayapanga maneno kama ilivyoyakuta, la kwanza chini, la mwisho juu.

Na kile kijiji cha Genkuru! Siku moja grafu ya wanaong'atwa na mbwa ilitoka na mnara mmoja tu wa Genkuru, kata na vijiji vingine vyote vimelala chini kama havina watu. Mkuu wetu, Mkurya, akauliza, "Mbwa wa huko wamefanya mapinduzi, mura?" Kumbe ni kitufe cha namba moja kwenye simu ambayo zahanati ya huko ilitutumia taarifa. Kilikuwa kinanasa, kikigongwa mara moja kinaandika mara nyingi. Tulipoirekebisha namba ile, ndipo tukaona vijiji vingine vilivyokuwa na shida ya kweli chini ya kivuli cha mnara. Namba moja mbovu inatosha kuvuta mhimili wote juu na kuficha kila kitu kingine.

Basi haya tulikuwa tunayacheka. Nawasimulia ili mjue kwamba kulikuwa na kicheko katika ofisi ile, kabla ya jambo la Ringwani.

Kazi yetu ilikuwa mradi wa kufuatilia kichaa cha mbwa katika wilaya za Tarime na Serengeti. Kila zahanati ilikuwa na simu yenye programu ya kujaza taarifa. Mtu aking'atwa, nesi anaandika umri wake, ameng'atwa sehemu gani ya mwili, kijiji gani, tarehe gani. Taarifa zinatufikia sisi Tarime mjini, tunazikusanya, tunachora. Kila mwezi wakubwa wanakaa na grafu yetu mezani, wanagawa chanjo. Dozi hazikuwahi kutosha. Kwa hiyo mstari uliopanda ulipata chanjo, na mstari uliolala ulisubiri.

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Ukiosha kidonda vizuri kwa maji mengi na sabuni, ukawahi chanjo, unaendelea na maisha yako. Dalili zikitangulia, hakuna daktari wala mganga atakayekurudisha. Kwa hiyo tulichokuwa tunachora pale ofisini ulikuwa muda wa watu.

Mchoraji wetu alikuwa Bhoke. Msichana wa kata ya Ringwani, huko Serengeti, Mngoreme, wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Mama Kapinga alipostaafu mimi ndiye niliyemfundisha Bhoke mwaka wa kwanza, na kufikia wa pili alikuwa ameshanipita. Aliandika programu kama mtu anayesonga ugali, mkono haupotei, macho yako kwingine. Kila asubuhi "Shikamoo mzee," kisha hasikiki tena mpaka saa ya chai.

Mwezi wa tisa mwaka ule mimi nilikuwa likizo Kasulu, nazika shangazi. Nilirudi wakati mgawo wa chanjo umeshapita. Grafu ilikuwa imebandikwa ukutani, kubwa, ya rangi. Nyamisangura hapa ilikuwa imepanda juu kabisa, maana mjini mbwa ni wengi na watu wanakwenda zahanati haraka. Ringwani ilikuwa imelala chini kabisa, mstari mnyoofu, safi.

"Nyumbani wametulia, mzee," Bhoke aliniambia, anatabasamu. "Mwezi mzima sifuri."

"Mungu awasaidie," nikasema. Nikaketi, nikanywa chai yangu.

Haikupita wiki. Ilikuwa asubuhi, tunakula maandazi, simu ya Bhoke ikaita. Alikuwa kaka yake, Mwita, mkulima wa huko Ringwani. Mtandao ulikuwa unakatika, Bhoke akaweka sauti ya nje, na ndiyo maana tukasikia sote.

"Bhoke, ile chanjo itafika lini?"

"Chanjo gani?"

"Ya mbwa. Nesi alisema ameshatuma taarifa, tusubiri mgawo. Sasa Magige kidonda kimefunga, lakini kinamwasha. Anajikuna shavu mpaka linatoka damu."

Magige alikuwa mtoto wa Mwita, yuko darasa la pili. Bhoke alisimama. "Magige ameng'atwa? Lini? Mbona hukuniambia?"

"Mwezi uliopita, mwishoni mwishoni. Tuko wengi tulioathirika huku, mbwa alipita nyumba hadi nyumba." Simu ikakatika kidogo, ikarudi. "Nilitaka kumkimbiza hospitali ya Mugumu, nesi akapiga simu huko, wakasema zimeisha, tusubiri za kata yetu. Ningekupigia kukuambia nini? Si wewe ndiye unayechora? Nikajua umeshaona."

Simu ilipokatika kabisa Bhoke hakuipiga tena. Aligeuka akaangalia ukuta. Ule mstari wa Ringwani ulikuwa palepale chini.

"Mzee," akasema, "Ringwani ni sifuri."

Vijana, nisikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo mnapokosea. Ukishajua kwamba grafu yako inapingana na mtu aliye hai, usianze kuichokonoa grafu. Usibadilishe rangi, usipanue mhimili. Bhoke mkono wake ulikuwa tayari kwenye kibodi, anataka kuchora upya. Nikamwambia, "Acha. Fungua faili lenyewe, lile lililotoka kwenye simu, bila programu yoyote. Tuangalie kwa macho."

Tukafungua. Tukatafuta Ringwani. Walikuwepo. Mstari baada ya mstari, nesi alikuwa amejaza kila kitu: mguu, mkono, paja, shavu. Mtoto wa kiume, miaka minane, shavu la kulia. Bhoke aliweka kidole kwenye mstari ule kisha akakiondoa haraka kama ameungua.

Kwa hiyo taarifa ilitumwa na ilifika. Ilipotelea ndani ya kompyuta yetu.

Tukaipitia programu amri moja baada ya nyingine, na baada ya kila amri tunahesabu: Ringwani wako wangapi sasa? Amri ya kusoma faili, wako wote. Amri ya kusafisha majina, wako wote. Amri ya kutafsiri tarehe. Tukahesabu. Wengi wao hawakuwa tena na tarehe. Mahali pa tarehe palikuwa patupu. Hawakufutwa, walikuwa bado wamo, ila grafu inayopangwa kwa tarehe haina mahali pa kumweka mtu asiye na tarehe. Ikawaruka kimyakimya.

Na programu ilikuwa imeambiwa iwe kimya. Kwenye amri ile kuna kipengele ambacho wengi mnakinakili kutoka mtandaoni bila kukisoma. Kinasema, tarehe usiyoielewa iache tupu, usilalamike, songa mbele. Kinapendwa kwa sababu kinaondoa maneno mekundu.

"Wachache wamebaki na tarehe," nikasema. "Hao tuwaone."

Bhoke akawaita kwenye skrini. Tarehe tisa Januari. Tarehe tisa Februari. Tarehe tisa Aprili. Tarehe tisa Juni. Mmoja tarehe tisa Novemba, na Novemba yenyewe ilikuwa haijafika.

"Wote waling'atwa tarehe tisa," Bhoke akasema polepole, kama mtu anayemsomea mwingine barua. Mimi sikuelewa bado. Nilikuwa nawaza mnada, gulio, kitu gani kinafanyika tarehe tisa huko kwao. Yeye akafunika mdomo kwa mkono. "Mzee, tisa si siku. Tisa ni mwezi."

Tukampigia nesi, dada mmoja wa Mbeya anaitwa Upendo, yuko peke yake zahanati ile. Akasema ndiyo, simu ya zamani iliingia maji, wakamletea nyingine mwishoni mwa Agosti. Aliiwasha tu, akaanza kujaza. Ile simu mpya ilikuwa imewekwa Kiingereza cha Marekani, na huko wanaandika mwezi kwanza, siku baadaye. Yeye kwenye skrini alichagua tarehe sahihi kwenye kalenda. Simu ndiyo iliyoiandika kwa mtindo wake na kuituma. Programu yetu ilisubiri siku kwanza. Aliyeng'atwa tarehe nne Septemba ikamwona ameng'atwa tarehe tisa Aprili. Aliyeng'atwa tarehe ishirini na kitu, ikatafuta mwezi wa ishirini na kitu, haikuuona, ikamwacha mtupu.

"Kwani hamkupata taarifa zangu?" Upendo akauliza. "Nilizituma zote. Hawa watu nimewaambia wasubiri."

Nikachukua simu, nikamwambia awaite wote waliong'atwa, wakae zahanati leo, tunakuja.

Kulikuwa na amri moja zaidi, nayo niwaambie. Kawaida mwezi usio na taarifa ungeacha pengo kwenye mstari, na pengo lile lingetushtua: kwa nini Ringwani kimya? Lakini mkuu wetu alikuwa amelalamika huko nyuma kwamba mistari iliyokatikakatika inawachanganya wageni. Bhoke akaongeza amri ya kujaza sifuri penye pengo. Grafu ikapendeza. Mama Kapinga alikuwa akituambia kila siku, "Sijui na hakuna ni majibu mawili," lakini Mama Kapinga alikuwa ameshastaafu, na picha nzuri ina nguvu yake ofisini.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Simu ile isomwe mwezi kwanza, sifuri za kujaza ziondoke, basi. Tukachora safari hii kwa nukta, kila mtu nukta yake, siku yake. Ringwani ikajaa. Nukta zilipandana mwishoni mwa Septemba kuliko kata nyingine yoyote, kuliko hata hapa mjini.

Mkuu aliingia akatukuta tumesimama. Bhoke hakumsubiri aulize.

"Grafu tuliyowapa ilikuwa ya uongo. Niliichora mimi. Ringwani ndiyo mbaya kuliko zote na hawakupata hata dozi moja."

Mkuu aliangalia skrini, akaangalia ukuta, akaangalia skrini. Nilitegemea afoke. Akasema tu, "Nyamisangura wamebakiza?" Akapiga simu mwenyewe. Walikuwa wamebakiza. Akabandua ile grafu ya ukutani, akaikunja, akaenda nayo ofisini kwake. Sijui aliifanya nini.

Tuliondoka kabla ya adhuhuri, mimi, dereva na Bhoke, na boksi la baridi la chanjo likiwa mapajani mwake. Dereva alimwambia aliweke chini, akakataa. Barabara ya huko mnaijua ilivyo, na siku ile kulikuwa na malori yanayotimua vumbi mbele yetu. Alilishika boksi kwa mikono miwili kila tulipoingia shimo. Tukavuka Mto Mara. Hapo akaniuliza, "Mzee, kidonda kuwasha si lazima iwe dalili, eti? Hata kidonda kinachopona kinawasha."

"Kinawasha," nikamjibu. Lilikuwa jibu la kweli, na wote wawili tulijua halitoshi.

Zahanati ilikuwa na watu hadi nje, wamekaa kwenye mabenchi na kwenye nyasi. Wazee, akina mama, mtu mmoja amefungwa kitambaa mkononi. Walimwamkia Bhoke kwa furaha, mtoto wao amewaletea dawa. Mwita alikuwa amesimama peke yake kando ya ukuta, upande usio na upepo, amembeba Magige na kumfunika kichwa chote kwa sweta.

"Upepo unamsumbua," akasema. "Tangu asubuhi hataki upepo."

Nesi Upendo alitoka na kikombe cha maji. Alikwenda taratibu, akachuchumaa, akafunua sweta. Mtoto alikuwa na kiu, mdomo umekauka. Alinyoosha mkono mwenyewe kukipokea. Maji yalipokaribia midomo, shingo yake ilikakamaa yote, koo likajifunga, akatoa sauti ambayo sitawaigizia. Kikombe kikaanguka. Alilia akisema anataka maji, na nesi akakiokota kikombe akakificha nyuma yake ili asikione.

Upendo alinitazama. Sikumtazama. Nilikuwa namwangalia Bhoke.

"Mchomeni," Mwita akasema. "Si mmekuja nayo? Mchomeni wa kwanza."

"Kaka Mwita," nesi akasema, "kwa Magige imechelewa."

"Imechelewaje na iko hapa?"

Aliuliza tena, kwa Kingoreme sasa, akimwuliza dada yake. Bhoke alimsogelea, akaongea naye kwa sauti ya chini, maneno machache. Sikuyaelewa na sikuomba kuelezwa. Niliona tu Mwita akirudi nyuma hatua moja, mtoto kifuani, kama mtu aliyesukumwa.

Kisha Bhoke akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui alilitoa wapi. Aliingia ndani, akavuta kiti, akaanza kuandikisha. Mmoja mmoja. Jina, sehemu aliyong'atwa, siku. Mwezi aliuandika kwa herufi, Septemba, Septemba, Septemba. Upendo akichoma, yeye akiandika na kuwaambia siku ya kurudi kwa dozi inayofuata. Bibi mmoja alimwekea mkono kichwani kumbariki, naye akainama akapokea. Hakunyanyuka mpaka mtu wa mwisho alipochomwa.

Magige tulimpeleka hospitali kwa gari letu, kioo tumefunga. Huko walimpa dawa za kumtuliza asiteseke, na hicho ndicho kilichokuwa kimebaki. Baba yake alikaa naye muda wote. Mtoto hakuvuka wiki.

Siku ya mazishi mama yake Magige hakupokea mkono wa Bhoke. Wapo ndugu waliosema wazi kwamba shangazi mtu alikalia chanjo ya mtoto wao huko mjini. Wapo waliojaribu kueleza habari za simu na tarehe, lakini nani ataielewa habari ile kaburini? Nesi Upendo alilia kuliko watu wote, akijilaumu kwa simu ambayo hakuiweka lugha yeye. Mkuu alikuja, akasimama nyuma. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake kidogo cha jambo lile, na hakuna kipande hata kimoja kilichokuwa kikubwa kiasi cha kumtosha Mwita kukishika na kusema, hiki ndicho kilichomuua mwanangu.

Bhoke alirudi kazini. Tulimwambia apumzike, akasema akipumzika ataona mambo. Aliiandika programu yote upya, na hiyo mnayoinakili ninyi kwangu mkiiita ya Mzee Boni ni ya kwake. Tarehe inaandikwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, simu iwe ya lugha yoyote. Tarehe isiyoeleweka inasimamisha kazi nzima na kuandika mekundu jina la zahanati, na huwezi kuendelea mpaka umempigia simu nesi wa pale. Pengo linabaki pengo, na chini yake yanatokea maneno: hatuna taarifa. Inahesabu watu walioingia na watu waliochorwa, na namba mbili zikitofautiana haikupi picha. Mnalalamika kwamba inasumbua, kwamba inakataa kila mara. Ndiyo. Aliiandika ili isumbue.

Wale wengine wa Ringwani walimaliza dozi zao na wako hai. Nimemwambia Bhoke hivyo mara nyingi. Ananijibu, "Najua mzee," na anaendelea na alichokuwa anafanya.

Baada ya matanga kuisha, Mwita alikuja Tarime. Hatukumtegemea. Alifika ofisini asubuhi amevaa koti, akanisalimia vizuri, akakataa soda, akaketi kwenye kiti cha wageni. Bhoke alisimama, hakujua amkaribie au asimkaribie.

"Nataka kuona hiyo picha," Mwita akasema. "Watu wanasema picha, picha. Mimi sijaiona."

Bhoke aliketi, akaifungua kwanza ile ya zamani. Nilitaka kumzuia. Akaigeuzia laptopu upande wa kaka yake.

"Hii ndiyo tuliyowapelekea."

"Sisi ni upi?"

Akamwonyesha mstari wa chini.

"Magige yuko wapi hapa?"

"Hayupo."

Mwita alitikisa kichwa taratibu, kama anayehakikisha jambo alilokwisha kuambiwa. "Na nyingine?"

Bhoke akafungua ile ya nukta. Alieleza kwa sauti ya kazi, sauti anayowaelezea wageni: huku chini ni siku, kila nukta ni mtu mmoja, hizi zote ni Ringwani. Mwita alisogeza kiti.

"Hapa yupo?"

Bhoke akanyoosha kidole. "Huyu."

Mwita aliinama mpaka uso wake ukakaribia kioo. "Kadogo hivi," akasema. Akaweka kidole gumba juu ya ile nukta, ikafunikwa yote. "Na huyu wa pembeni yake?"

"Ni Bibi Nyangi. Aling'atwa siku ileile."

"Huyu?"

Akamtajia. Akauliza na mwingine, akamtajia, mpaka zikaisha.

"Hawa wote wako hai?"

"Wako hai."

Mwita akaitikia kwa kichwa. Hakuondoa kidole. Nje watu walikuwa wanapita, mtu anauza mahindi ya kuchoma dirishani kwetu, na sisi watatu tumekaa. Laptopu ikikaa bila kuguswa inajizima yenyewe. Mwanga ulipoanza kufifia Bhoke alinyoosha mkono akagusa kitufe, ukarudi. Ulipofifia tena akagusa tena. Alikaa hivyo, mkono juu ya meza, akiilinda isizime, mpaka kaka yake alipokuwa tayari.